Siku Tuliyonasa Kimya cha Bi Mboje

Juzi, nilipokuwa nikirudisha funguo za stoo, mmoja wenu, vijana wa redio, aliniuliza kama ni kweli zamani tulikuwa tukikata sauti kwa wembe. Nikamwambia ndiyo. Akacheka, kicheko cha mtu anayesimuliwa safari za punda. Hii ni wiki ya tatu tangu nistaafu, nimekaa nyumbani Kiembe Samaki, sina mashine ya kuwasha, na mikono haijui iwekwe wapi. Basi nimeona niwaandikie. Sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala nani alipandishwa kabla yangu. Hayo yamo kwenye mafaili, na mafaili yana subira kuliko wasomaji. Nitaeleza mambo ya mitambo, na zaidi jambo moja ambalo mpaka leo sijalielewa sawasawa.

Niliingia redioni mwaka 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi. Nilikuwa kijana wa Makunduchi niliyejua umeme wa nyumba, na redio nilizijua kwa kuzifungua na kushindwa kuzifunga. Siku ya kwanza nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi adhuhuri, kwa sababu kila niliyemuuliza nipelekwe wapi aliniambia na yeye ni mgeni. Watu wengi walikuwa wameondoka, wengine walikuwa wamekuja, na bado wengine walikuwa hawajui wamo katika kundi gani. Kabati la kanda lilikuwa na maandishi ya namna nne, mengine ya Kigujarati ambayo hakuna tena aliyekuwa akiyasoma. Nilipoulizwa ninafahamu nini, nikasema ninafahamu kuunga nyaya kwa risasi ya moto. Wakanipa kabati.

Aliyeniokoa ni Mzee Shomari, fundi wa mtaa wa Ng'ambo hapa Unguja, aliyekuwepo kabla ya wote. Alivaa penseli ya njano ndani ya kofia yake, juu ya sikio, na kwa penseli hiyo alitia alama mahali pa kukata mkanda. Alinifundisha kuuvuta mkanda taratibu mbele ya kichwa cha mashine kwa mikono miwili, mbele na nyuma, mpaka neno ligeuke mngurumo na nijue linapoanzia. "Kata mshazari," alikuwa akiniambia. "Ukikata wima, sikio linajikwaa." Kisha unaunga kwa utepe mweupe wa gundi, unausugua kwa ukucha, na jambo ambalo mtu hakulisema linakuwa amelisema.

Studio yetu ilikuwa chumba kimoja, kuta zake zimefunikwa magunia yaliyojazwa makumbi ya nazi ili sauti isirudi. Wakati wa kunasa tulizima feni. Kwa hiyo kila mlichowahi kusikia cha miaka ile kimeimbwa na mtu anayetoka jasho. Kanda zilikuwa adimu, na kipindi kikishasikika mara mbili tulikifuta tukatia kingine juu yake. Hotuba ilifuta shairi, shairi likafuta bei za karafuu. Mimi ndiye niliyekuwa nikifuta. Sikuwa nikisikiliza kwanza, maana ningesikiliza nisingefuta.

Lakini sheria kubwa ya Mzee Shomari ilikuwa juu ya kimya. Alikichukia. Redio ikinyamaza, alisema, watu wanadhani mashine imekufa, au mtangazaji amekufa, na katika miaka ile walikuwa wepesi wa kudhani zaidi ya hayo. Nikazoea kukisaka kimya kwa wembe. Mgeni akivuta pumzi, nakata. Akitafuta neno, nakata. Kufika mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nimekata ukimya wa watu wengi sana wa kisiwa hiki, na mikono yangu ikawa inasifiwa.

Ndipo akaja Bi Mboje.

Wazee wenu wanamjua. Aliimba na bendi ya jazi katika kumbi za Ng'ambo kwa zaidi ya miaka ishirini, wanaume nyuma yake na saksafoni na tarumbeta, yeye mbele na kanga begani. Sauti yake ilikuwa nzito, chini yake kama kuna mchanga. Mimi nilimjua kwa jina tu. Nyumbani kwetu Makunduchi dansi halikutajwa mbele ya marehemu baba, na nilipohamia mjini kumbi nyingi zilikuwa zimenyamaza. Sikuwahi kutia mguu katika dansi hata moja. Hilo likumbukeni, maana ndipo kosa lenyewe lilipoanzia.

Alikuja asubuhi akifuatana na Feruzi, mpiga saksafoni wake wa miaka yote.

"Shikamoo, Bi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndo fundi?"

"Ndiye mimi. Naitwa Makame."

"Mbona mdogo hivi? Nlidhani fundi mtu mwenye mvi."

"Mvi anazo, Bi Mboje," Feruzi akasema. "Kaziacha nyumbani zisiingie vumbi."

Bi Mboje hakucheka. Aliweka vidole viwili kooni, akanieleza kama mtu anayeeleza bomba lililoziba. Kulikuwa na kitu ndani. Daktari alikwishaandika barua, angevushwa kwenda Dar kupasuliwa, na baada ya hapo kusema labda atasema, kuimba hataimba. Hata sasa sauti ilikuwa ikija na kwenda, siku nyingine haiji kabisa.

"Nnazo nyimbo sita," akasema. "Nataka uzitie zote leo, kama ninavyoimba, usiongeze na usipunguze. Hii ndo santuri yangu ya mwisho."

Nikamfahamisha kwamba sisi hatutengenezi santuri, tunatia kwenye mkanda tu.

"Iite utakavyo. Mimi naiita santuri."

Tukazima feni. Bendi, iliyowafuata nyuma na vyombo, ilikuwa watu wanne, na Bi Mboje nilimsimamisha mbali kidogo na kipaza sauti, maana sauti za namna ile zikikaribia huupiga mshale wa mita ya kupimia sauti ukalala upande wa pili. Wimbo wa kwanza ukaanza polepole. Nilikuwa nimevaa hedifoni, na nakiri kwamba kwa ubeti mzima nilisahau kazi.

Nimefagia uwanja, mkeka nimetandika,
Mtungi nimeujaza, mpaka umefurika,
Aliyesema yuaja...

Hapo akanyamaza. Bendi nzima ikanyamaza naye. Nikautazama mshale, umelala. Nikamtazama yeye kupitia kioo, amesimama na mkono mmoja umenyanyuka kidogo, macho hayatazami kitu. Halafu mkono ukashuka, saksafoni ikaingia, akaendelea na ubeti wa pili kama kwamba hakuna kilichotokea. Mwisho wa ubeti wa pili, vivyo hivyo. Wimbo wa pili, nusu ya mstari wa mwisho haipo. Wa tatu, haipo. Nyimbo zote sita.

Nilifadhaika. Nikamwita Feruzi pembeni walipokuwa wakinywa maji.

"Anasahau maneno?"

Feruzi akatazama viatu vyake. "Ndivyo nyimbo zilivyo, yakhe," akasema, akarudi kwenye kiti.

Nikaelewa, na nilichokielewa ni hiki: bibi anasahau, na wenzake kwa heshima wanasahau pamoja naye. Wananyamaza anaponyamaza ili asiaibike. Nilipomuaga mlangoni sauti yake ilikuwa imeshakwaruza, na machozi yakanilenga. Nikajiambia kwamba mtu huyu hataondoka duniani akisikika amekwama. Hapo nilimpenda mno, na nilipompenda nikachukua wembe.

Nilifanya kazi siku mbili. Sijawahi kukata vizuri kama vile, kabla wala baadaye. Kila aliponyamaza nilitia alama mbili za njano, nikakata mshazari, nikaunga mwisho wa neno lake na mwanzo wa saksafoni, nikasugua kwa ukucha. Vipande vya kimya vikaanguka kwenye pipa la taka, vinameta. Nyimbo zikawa fupi na hazina kovu. Mzee Shomari alizisikiliza akasema, "Hapa hata mimi sioni pa kutia kidole." Kwake hiyo ilikuwa sifa ya mwaka mzima.

Baada ya wiki wakaja kusikiliza. Bi Mboje sasa alikuwa akinong'ona tu, na kitambaa amejifunga shingoni. Nikamkalisha kiti kizuri, nikawasha mashine, nikasimama nyuma yake kungoja baraka.

Ubeti wa kwanza ukapita. Akageuka kumtazama Feruzi. Wa pili ukapita. Akanyanyua mkono, nikasimamisha mashine.

"Nani kawaziba watu midomo?" akanong'ona.

"Watu gani, Bi?"

"Watu. Wanaoitika."

Sikufahamu, na sura yangu nadhani ilionesha, kwa sababu Feruzi alishika kichwa. "Makame, ile nusu ya mwisho ya mstari si yake. Ni ya watu. Yeye anasema 'aliyesema yuaja', anawaachia, ukumbi mzima unaitika 'yu njiani atafika'. Kila wimbo wake uko hivyo. Hajapata kuiimba nusu ile maisha yake."

"Mbona nilipokuuliza hukunambia?"

"Nlidhani wanichezea. Nani Unguja asiyejua hilo?"

"Mimi," nikasema.

"Basi na wewe ndo umepewa wembe."

Bi Mboje hakunikasirikia, na ingekuwa nafuu angenikasirikia. Alitaka kujua tu kama vile nilivyovitoa nitaweza kuvirudisha. Nikakimbilia pipa. Pipa lilikuwa limemwagwa tangu juzi, na taka za studio tulizichoma moto.

Mkuu wa vipindi, aliyeingia kuuliza mashauri ni ya nini, alipata ufumbuzi papo hapo. Wapo matarishi, wapo madereva, wapo wapiga taipu, wote wana midomo. Waingie studio waitike, mimi niunge. Aliusema kwa wema kabisa.

Bi Mboje alitikisa kichwa. Tulisogea karibu ili tumsikie.

"Walokuwa wakiniitikia nawajua kwa sauti, mmoja mmoja. Yuko alokuwa akitangulia, yuko wa mwisho, yuko Bi mmoja wa Malindi akipandisha mpaka juu. Wengine wako Maskati sasa, wengine wako bara, wengine washatangulia kwa Mola. Wewe unataka kunipa madereva?"

"Sasa wataitika vipi, Bi, ikiwa hawapo?" mkuu akauliza.

"Hilo si lako wala si langu. Mimi kazi yangu ni kuwaachia pahala pao."

Mkuu alinitazama, nami nikamtazama. Nadhani lilikuwa jambo pekee tuliloafikiana mwaka ule, kwamba hatukufahamu. Lakini hili nililifahamu: kuimba upya hakuwezekani. Sauti ilikuwa imekwisha, na ilikuwa imekwisha ndani ya ule mkanda niliouchezea mimi.

Jioni nilijaribu kuunga mkanda mtupu, usiotiwa kitu, mahali nilipokata. Ilikuwa mbaya kuliko kukata. Wimbo unakwenda, halafu ghafla ni kama mtu amekuzika, halafu unafufuka. Mzee Shomari alisikiliza akavua kofia.

"Huo si kimya. Hiyo ni mashine haina kitu," akasema. "Kimya cha mtu kina chumba ndani yake. Kina makumbi, kina kiti, kina wale waliobana pumzi. Kama unakitaka, itabidi ukakinase."

Ndugu zangu, huyu ni mtu aliyenifundisha miaka saba kwamba kimya ni fedheha. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakuniambia mapema kwamba viko vya namna mbili. Sikumuuliza. Yeye pia alionekana ndiyo kwanza amegundua.

Walirudi Alhamisi, bendi nzima na vyombo vyao. Tukazima feni. Nikapendekeza kwa adabu kwamba, kwa kuwa kimya ni kimya, tunase kirefu kimoja nami nikikate vipande, watu wasiteseke na joto.

"Kila wimbo una watu wake," Bi Mboje akanong'ona, ikawa basi.

Nilifanya hivi. Nilimwekea kwenye spika ndogo mistari inayotangulia, kila wimbo kwa zamu yake, kisha nikazima spika na kuwasha mashine ya kunasia. Feruzi akakaa na saksafoni mdomoni asiipulize. Mpiga ngoma akanyanyua vijiti asipige. Bi Mboje akasimama mbele ya kipaza sauti, nikamsimamisha pale pale pa siku ile, na mkono wake ukanyanyuka. Midomo ilikuwa imefumba. Koo lilitikisika chini ya kitambaa. Mkono uliposhuka nikazima, na Mzee Shomari, aliyeshika saa, akaitikia kwa kichwa kwamba urefu unatosha nusu ya mstari.

Nimenasa viongozi, nimenasa maulidi, nimenasa mpira wa miguu. Sijapata kutoka jasho kama kwa kunasa kimya. Cha wimbo wa pili kiliharibiwa na kunguru juu ya bati. Cha wimbo wa nne tulikirudia mara tatu kwa sababu mpiga tarumbeta alikuwa na mafua, na kila mkono uliponyanyuka yeye alikohoa.

"Miaka yote hukohoi ukipiga," Feruzi akamwambia, "leo usiyepiga ndo unakohoa."

"Nikipiga nna pa kuitoa pumzi," mwenzake akasema. "Hapa nnaiweka wapi?"

Mara ya tatu alijifunika leso usoni, akapita salama. Nilipovisikiliza usiku kwenye hedifoni, vyote sita, havikufanana. Sijui kwa nini. Chumba kimoja, watu wale wale, mita hiyo hiyo. Nimekaa na mitambo maisha yangu yote na ninajua haiwezekani, na nilivisikiliza tena, na havikufanana. Nikatoa nakala za kila kimoja kwa idadi ya beti, nikaziunga mahali pake. Mkitafuta ule mkanda mtaona viungo vyake safari hii si vizuri. Juu ya boksi niliandika kwamba usifutwe. Nikaandika tena upande wa pili.

Ulipigwa Jumapili alasiri, siku mbili kabla ya safari yake ya Dar. Zamu nilijitakia mwenyewe. Mtangazaji nilimwonya, mkuu wa vipindi nilisahau. Aliyesema yuaja, Bi Mboje akaimba, na mshale ukalala. Mtangazaji alinitazama kwa macho ya mtu anayezama. Nikamnyooshea kiganja atulie. Kwenye kimya cha pili mlango ukafunguka, mkuu akaingia mbio, shati nje, akinyoosha kidole kwenye mashine. Nikamshika mkono, tukabaki tumeshikana hivyo kama watoto mpaka saksafoni ikaingia.

"Imekufa?" akaniuliza.

"Haijafa."

"Sasa inafanya nini?"

Nikamwambia inangoja. Aliketi chini akasikiliza nyimbo zote zilizobaki, na kila mshale ulipolala alinishika tena.

Asubuhi ya pili yake nilikwenda nyumbani kwa Bi Mboje, Kikwajuni. Dirisha lake liko barabarani, na redio aliiweka pale pale dirishani, imeelekezwa nje. Sanduku dogo la safari lilikuwa limeshafungwa. Alinipa kahawa, akaniashiria nisogee, maana sasa hata mnong'ono ulikuwa wa tabu.

"Wameitika watatu," akasema.

Nikangoja. Sikujua ni habari njema au mbaya.

"Mmoja Feruzi, alikuwa kakaa hapo kibarazani. Huyo alikuwa hana budi. Mmoja jirani yangu wa ukuta wa pili, akakosea, akatia maneno ya wimbo wa tano kwenye wa kwanza. Ndo tabia yake tangu ujana."

"Na wa tatu, Bi?"

Alikuwa akitazama nje, kule barabarani, na uso wake niliokwisha kuuona una hakika ya kila kitu safari hii ulikuwa umechanganyikiwa kama wangu.

"Wa tatu simjui," akasema. "Sauti ya kike, changa. Imeingia dirishani ikiitika wimbo wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, haikukosea hata pahala. Mpaka nikasimama nikachungulia, keshapinda kichochoroni. Feruzi naye alikuwa kafumba macho, hakumuona." Akanishika mkono. "Makame, wewe mtu wa sauti. Ulimsikia? Yule nani?"

Nilitamani nimpe jina, jina lolote, avuke nalo bahari. Nikamwambia ukweli: sikusikia kitu, nilikuwa studio nimefunga milango yote miwili.